Pointi za Leseni: Historia ya Adhabu Isiyolipika kwa Pesa



Baada ya darasa la jioni, mwanafunzi wangu mmoja alinisubiri mlangoni hadi wenzake wote wakaondoka. Kaka yake ni dereva wa gari la mizigo, na ndiye anayelisha nyumba. Siku hiyo kaka alikuwa ameandikiwa faini ya mwendo kasi, na pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya ada ya shule ikaenda huko. Kijana akaniuliza: "Ustadh, mwenye gari la kifahari akipita pale pale, kwa mwendo ule ule, analipa kiasi kile kile. Yeye hata hahisi. Sisi nyumbani tumeshinda kwa chai kavu. Hiyo ni haki gani?"

Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia anipe muda. Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba swali lake ni la zamani sana, karibu sawa na umri wa gari lenyewe, na kwamba nchi nyingi zimehangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika kuhangaika huko ndipo ilipozaliwa adhabu ya aina ya pekee, ambayo tajiri hawezi kuilipa kwa pesa: pointi kwenye leseni. Nimeona ni vyema tuisome historia hii pamoja. Nitaanzia Uingereza, kwa sababu sheria za barabarani za Uganda, Kenya na Tanzania zina asili yake huko, ndiyo maana hata leo tunaendesha upande wa kushoto.

FAINI YA SHILINGI MOJA

Tarehe 28 Januari 1896, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold aliliendesha gari lake kupita katika kijiji cha Paddock Wood, mkoa wa Kent. Wakati ule sheria ilikuwa bado ni ile ya mwaka 1865, iliyotungwa kwa ajili ya mitambo mizito ya mvuke. Mwendo ulioruhusiwa mjini ulikuwa maili 2 kwa saa, yaani kama kilomita 3, na mtu alitakiwa atembee kwa miguu mbele ya chombo. Arnold alikuwa anakwenda maili 8 kwa saa, kama kilomita 13. Askari aliyemwona akaruka juu ya baiskeli yake, akamfukuza kwa karibu maili 5 mpaka akamkamata.

Mahakama ilimtoza shilingi moja kwa kosa la mwendo, mbali na gharama na faini za makosa mengine aliyoshitakiwa siku hiyo. Huyu ndiye anayetajwa sana kuwa dereva wa kwanza Uingereza kuadhibiwa kwa mwendo kasi. Sasa tazama, ndugu msomaji: Arnold alikuwa mfanyabiashara wa magari. Shilingi moja kwake ilikuwa nini? Alilipa, akaenda zake, na hakuna daftari lolote lililobaki kumkumbusha hakimu wa kesho kwamba mtu huyu alishawahi kukosea.

Miezi michache baadaye, tarehe 17 Agosti 1896, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari karibu na Crystal Palace, London, akafa. Anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini humo. Kuanzia hapo suala la mwendo likawa suala la uhai wa watu.

LESENI YAANZA KUWEKA KUMBUKUMBU

Sheria ya Magari ya mwaka 1903 ndiyo iliyoleta leseni ya udereva Uingereza, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Leseni ilinunuliwa kwa shilingi 5 bila mtihani wowote, yaani ilikuwa inakaribia kuwa risiti tu. Sheria hiyo hiyo ilileta namba za magari na ikapandisha mwendo wa juu kuwa maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32.

Lakini ndani ya sheria hiyo kulikuwa na jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mahakama ilipewa uwezo wa kuamuru kosa la dereva liandikwe juu ya leseni yake, na hata kumnyang'anya leseni kwa muda. Kwa mara ya kwanza faini ikawa na ndugu yake, nayo ni kumbukumbu. Pesa ukishailipa imekwisha. Maandishi juu ya leseni yanakufuata hadi mahakama nyingine.

Je, wenye magari walifurahi? La hasha. Mwaka 1905 waliunda chama chao, Automobile Association, na kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuweka vijana wenye baiskeli barabarani wawaonye madereva kwamba mbele kuna askari wanaopima mwendo. Mwaka 1910, katika kesi ya Betts dhidi ya Stevens, mahakama ikasema kuwaonya madereva wanaovunja sheria ni kumzuia askari asifanye kazi yake. Basi wakabuni hila nyingine. Kwa kawaida kijana wa chama alimpigia saluti kila mwanachama anayepita. Wanachama wakaambiwa: ukiona kijana hakupigi saluti, simama umwulize sababu. Bila shaka sababu ilikuwa ni askari aliyeko mbele.

Msomaji atacheka, lakini na acheke akijua kwamba madereva wetu wanaowashiana taa barabarani wanafanya jambo hilo hilo, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

MIAKA ISIYO NA KIKOMO CHA MWENDO

Mwaka 1930 bunge la Uingereza liliona kuwa kikomo cha maili 20 hakiheshimiwi na mtu, likakifuta kabisa kwa magari madogo. Sheria hiyo hiyo ilifanya jambo jema, nalo ni kulazimisha bima ya kumlinda mtu wa tatu. Lakini barabara zilijaa damu. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa barabarani, ilhali magari yalikuwa machache mno kuliko ya leo. Serikali ikarudi nyuma. Machi 1935 kikomo cha maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, kikawekwa kwenye maeneo ya makazi. Tarehe 1 Juni 1935 mtihani wa udereva ukawa wa lazima kwa madereva wapya.

Hapo tunajifunza kwamba kufuta sheria kwa sababu watu hawaitii hakuwaokoi watu hao. Lakini pia kuiacha sheria isiyoweza kusimamiwa huwafundisha watu dharau. Bado ilihitajika njia ya katikati.

KARATASI CHINI YA WAIPA

Baada ya vita vya pili vya dunia magari yaliongezeka, na mahakama zikazidiwa na kesi ndogo ndogo. Mwaka 1960 Uingereza ikaleta faini ya kiwango maalumu: karatasi inaachwa kwenye gari, nawe unalipa bila kwenda mahakamani, isipokuwa ukitaka kubisha. Tarehe 19 Septemba 1960 wasimamizi wa maegesho walianza kazi katika mitaa ya London, na faini ilikuwa pauni 2.

Inasimuliwa kuwa karatasi ya kwanza kabisa iliangukia gari la daktari aliyekuwa amekimbilia hotelini kumhudumia mgonjwa wa moyo. Wananchi walikasirika mno, na daktari akasamehewa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya faini za karatasi lilijitokeza tatizo lake: karatasi haiulizi sababu. Ni ya haraka na haina foleni, lakini kama hakuna mlango wa kukata rufaa itamdhulumu mtu.

Na lile swali la mwanafunzi wangu likabaki vile vile. Pauni 2 ni pauni 2, kwa tajiri na kwa maskini.

KUTOKA MISTARI MITATU HADI POINTI 12

Mwaka 1962 Waingereza walijaribu dawa nyingine. Walisema: dereva akiandikwa makosa matatu juu ya leseni yake ndani ya miaka mitatu, anafungiwa kuendesha kwa miezi 6. Hapa pesa haikuweza tena kumwokoa mtu. Ukiwa na mali yote, kosa la tatu linakushusha kwenye usukani.

Lakini kasoro ikaonekana upesi. Maandishi yote yalihesabiwa sawa. Aliyezidisha mwendo kidogo tu na aliyeendesha kwa uzembe mkubwa, kila mmoja alipata mstari mmoja. Mizani haikuwa na mawe ya uzito tofauti.

Ndipo mwaka 1982, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1981, pointi zikaanza. Kila kosa likapewa uzito wake. Kwa viwango vinavyotumika Uingereza sasa, hali ni kama ifuatavyo:

1. Kuzidisha mwendo: pointi 3 hadi 6.
2. Kuendesha bila uangalifu: pointi 3 hadi 9.
3. Kuendesha bila bima: pointi 6 hadi 8.
4. Kushika simu na kuitumia ukiwa unaendesha: pointi 6, tangu Machi 2017.
5. Kuendesha ukiwa umelewa kupita kiwango: hapa hakuna kuhesabu, leseni inafungwa moja kwa moja, kwa kawaida si chini ya miezi 12.

Dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu, anafungiwa si chini ya miezi 6. Akirudia tena ndani ya miaka mitatu ni mwaka mmoja, na mara ya tatu ni miaka miwili. Dereva mpya ana nafasi ndogo zaidi: tangu Juni 1997, akipata pointi 6 katika miaka miwili ya mwanzo leseni yake inafutwa, anarudi kuwa mwanafunzi na kufanya mitihani upya.

Tangu mwaka 1986 polisi waliweza kutoa pointi kwa karatasi ya faini bila kupitia mahakamani, na miaka ya 1990 kamera za mwendo zikaenea. Kumbukumbu zote zinawekwa kwenye mtambo mmoja katika mji wa Swansea. Mwaka 2015 hata ile karatasi iliyokuwa ikiandikwa pointi ilifutwa, sasa ni kompyuta peke yake inayokumbuka.

Uzito wa pointi hauishii kwa askari. Kampuni za bima huuliza makosa ya miaka mitano iliyopita, na bei ya bima hupanda. Mwajiri wa dereva huuliza leseni kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo faini hulipwa siku moja, lakini pointi mtu huzilipia kidogo kidogo kwa miaka.

WAJERUMANI NA WAFARANSA

Si Waingereza peke yao waliofika hapa. Ujerumani ilianzisha daftari kuu la makosa ya madereva mwaka 1958 katika mji wa Flensburg, ulio kaskazini karibu na mpaka wa Denmark. Tarehe 1 Mei 1974 wakaleta pointi, na aliyefikisha 18 alipoteza leseni. Tarehe 1 Mei 2014 walipunguza hesabu hiyo kuwa 8, huku makosa mengi madogo yasiyohatarisha maisha yakiondolewa kwenye daftari. Na wakaweka muda wa kufutwa: pointi moja hufutika baada ya miaka miwili na nusu, makosa ya pointi mbili baada ya miaka mitano, na yale ya pointi tatu baada ya miaka kumi.

Ama Wafaransa, wao waligeuza hesabu. Badala ya kuongeza pointi mbaya, dereva hupewa akiba ya pointi nzuri, na kila kosa linamkata. Akiba ikifika sifuri, leseni haipo tena. Mfumo huu ulianza tarehe 1 Julai 1992, na akiba ilikuwa pointi 6 tu.

Madereva wa malori wakasimama. Waliyaweka magari yao katikati ya barabara kuu, na kwa siku kadhaa Ufaransa ikafungika, matunda yakaoza na watalii wakakwama. Serikali ilitumia nguvu kuondoa baadhi ya vizuizi. Lakini tusikilize hoja yao kabla ya kuwahukumu. Walisema hivi: mtu anayeendesha Jumapili kwenda kumtembelea mama yake ana nafasi chache za kukosea. Sisi tuko barabarani kutwa, wiki nzima, na bosi anatuhimiza tufike mapema. Yeye akipoteza leseni anapanda treni. Sisi tukipoteza leseni, watoto hawali.

Serikali haikuufuta mfumo, lakini iliisikia hoja. Kabla ya mwaka huo kwisha akiba ilipandishwa kutoka pointi 6 hadi 12. Dereva pia anaweza kurudishiwa hadi pointi 4 kwa kuhudhuria mafunzo, na anayekaa muda uliowekwa bila kosa hurudishiwa akiba yake yote.

Je, ilisaidia? Mwaka 1972 zaidi ya watu 16,000 walikufa katika barabara za Ufaransa. Mwaka 2019 walikuwa takriban 3,200. Uingereza nayo ilitoka karibu 8,000 mwaka 1966 hadi takriban 1,750 mwaka 2019. Tusiseme kuwa ni pointi peke yake zilizofanya kazi hiyo. Kuna mikanda ya usalama, upimaji wa ulevi, magari bora, barabara bora na hospitali za haraka. Pointi ni uzi mmoja katika kamba hiyo.

Na huko Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi, Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kuhesabu nukta nyeusi mwaka 2008. Zikifika 24 leseni husimamishwa. Kwa mwenye kazi ya taksi au ya kupeleka vifurushi, hesabu hiyo ni hesabu ya riziki ya watu walio nyumbani.

NJIA YA WAFINI

Kuna nchi iliyolijibu swali la kijana wangu kwa njia nyingine kabisa, nayo ni Finland. Tangu mwaka 1921 wao wana faini inayopimwa kwa kipato. Mahakama au polisi huangalia mtu anaingiza kiasi gani kwa siku, kisha huzidisha kwa idadi ya siku kulingana na uzito wa kosa. Mwaka 2002 Anssi Vanjoki, mkurugenzi wa kampuni ya Nokia, alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 kwa saa mahali pa kilomita 50. Baadaye faini hiyo ilipunguzwa sana baada ya kuonekana kuwa kipato chake kilikuwa kimeshuka. Lakini dunia nzima ilisikia, na pengine hilo ndilo lililokuwa funzo lenyewe.

NANI ANABEBA POINTI?

Sasa nifike kwenye kisa ambacho naomba wazazi wawasomee watoto wao wakubwa.

Tarehe 12 Machi 2003 kamera ya barabara ya M11 huko Uingereza ililinasa gari la Chris Huhne likizidisha mwendo. Huhne alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya na tayari alikuwa na pointi 9. Tatu zaidi zingemfikisha 12. Kwa sheria ya huko, kamera inapolinasa gari, mwenye gari huandikiwa barua amtaje aliyekuwa anaendesha. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ukweli wa mtu aliyeshika kalamu. Jibu lililorudi likamtaja mke wake, Vicky Pryce, kuwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani, naye akazibeba zile pointi 3.

Hila haikumfaa kitu. Mwaka huo huo Huhne alipoteza leseni kwa kosa jingine, la kutumia simu akiwa anaendesha. Miaka ikapita, akawa waziri wa nishati wa Uingereza. Ndoa ikavunjika, na siri ikatoka. Februari 2012 alijiuzulu uwaziri baada ya kushitakiwa. Februari 2013 akakiri kosa la kupotosha mkondo wa haki. Mke wake alijitetea kwamba alilazimishwa na mumewe, wazee wa baraza hawakulikubali. Tarehe 11 Machi 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 8 kila mmoja.

Tazama mwendo wa jambo hili. Kosa la asili lilikuwa pointi 3 na faini ndogo. Kama angezikubali, angefungiwa kuendesha miezi 6 na angepanda treni. Uongo wa kuziepuka ulichukua miaka kumi, ukaondoka na uwaziri, na ukawapeleka jela watu wawili.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo mfumo wa pointi ni dhaifu. Tajiri hawezi kuzilipa pointi kwa pesa, lakini anaweza kujaribu kumtwisha mtu mwingine: mke, mdogo wake, au dereva aliyemwajiri. Na dereva aliyeajiriwa anasema nini bosi akimwambia, "Sema ulikuwa wewe"?

HUKU KWETU

Hapa Uganda, chini ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1998, tumezoea faini ya papo hapo: askari wa trafiki anakuandikia karatasi, nawe unakwenda kuilipia benki. Juni 2025 serikali ilileta mfumo wa kamera, ambapo namba ya gari inasomwa na faini inatumwa yenyewe. Kilio kikawa kikubwa. Kuzidisha kikomo kwa kiasi kidogo tu kulikuwa shilingi 200,000, na watu walilalamika kuhusu viwango hivyo, muda mfupi wa kulipa, na vikomo vya mwendo visivyoeleweka barabarani. Ndani ya mwezi huo huo wizara ikausimamisha ili uangaliwe upya.

Wengine walisema wananchi hawataki sheria. Mimi, baada ya kusoma historia hii, sioni hivyo. Nilisikia malalamiko yale yale ya daktari wa London mwaka 1960 na ya madereva wa malori wa Ufaransa mwaka 1992. Watu walikuwa wanauliza mambo matatu: je, adhabu inapimwa kwa uzito wa kosa? Je, inamwangukia aliyekosa? Je, kuna mlango wa kujieleza na wa kusamehewa? Nchi zilizofanikiwa hazikuyajibu kwa siku moja. Waingereza walichukua karibu miaka 80, kutoka leseni ya mwaka 1903 hadi pointi za mwaka 1982.

Wakati tukiyasubiri majibu hayo, kuna mambo ambayo kila familia inaweza kuyafanya leo:

1. Ukiuza gari, badilisha umiliki mara moja. Kamera inamjua mwenye jina kwenye kumbukumbu, haimjui aliyenunua.

2. Ukimpa mtu gari, hata mwanao, andika tarehe na saa. Siku ikija barua, utasema kweli kwa uhakika.

3. Usikubali kubeba kosa la mtu mwingine, wala usimwombe mtu abebe lako. Hii ni kwa waajiri zaidi kuliko kwa madereva, maana dereva mwenye njaa si rahisi kukataa.

4. Mwenye gari la biashara, usimpangie dereva saa ambazo hawezi kuzifikia bila kukimbia. Akikamatwa faini itakuwa na jina lake, lakini haraka ilikuwa yako.

JIBU KWA KIJANA

Nilimwita yule mwanafunzi nikamweleza haya yote. Nikamwambia: umeuliza kama ni haki tajiri na maskini kulipa sawa. Walimwengu waliliona tatizo hilo, na pointi ni moja ya majibu yao, kwa sababu hazinunuliki. Alifurahi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini Ustadh, tajiri akifungiwa leseni ataajiri dereva. Kaka yangu akifungiwa, ndiyo basi."

Ni kweli, na sikutaka kumdanganya. Pointi zimejibu nusu ya swali lake. Zimeondoa nguvu ya pesa katika kulipa kosa, lakini hazikuondoa nguvu ya pesa baada ya adhabu. Ndiyo maana mahakimu wa Uingereza wana ruhusa ya kumwacha dereva aendelee hata akifika pointi 12, akithibitisha dhiki isiyo ya kawaida itakayowapata yeye na wanaomtegemea. Ndiyo maana Wafaransa waliongeza akiba, na Wajerumani wakaweka muda wa kufuta.

Mwisho nikamwambia jambo moja zaidi. Zile pointi, na faini, na kamera, vyote viliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye hatukumtaja jioni yote: yule anayevuka barabara kwa miguu, kama Bridget Driscoll mwaka 1896. Naye mara nyingi ni maskini kuliko dereva. Nikamwomba amfikishie kaka yake salamu zangu, na amwambie apunguze mwendo anapopita karibu na shule.

Akaniambia atamwambia usiku huo huo, akirudi salama.

Wabillahi tawfiq. Tukutane toleo lijalo, inshaAllah.